Gharama za ukarabati wa tangi la majitaka

Gharama za ukarabati wa tangi la majitaka ni fedha zinazotumika kurudisha katika hali nzuri mfumo wa majitaka wa nyumba usiounganishwa na mtandao wa mabomba ya umma. Gharama hizo ni pamoja na kunyonya tope, kuzibua mabomba, kuziba nyufa, kubadilisha mifuniko na kuchimba upya shimo la kunyonyea. Bei hutegemea zaidi chanzo cha tatizo: dalili moja, kama vile choo kurudisha maji, inaweza kumalizwa kwa waya wa kuzibulia au ikahitaji shimo jipya. Kwa sababu hiyo wenye nyumba wengi hutozwa kupita kiasi pale wanapolipia tiba kabla chanzo hakijajulikana.

Makala hii inaeleza suala hilo kwa kuzingatia mazingira ya Bungu, kata ya Wilaya ya Korogwe Vijijini katika Mkoa wa Tanga, Tanzania, iliyoko kwenye milima ya Usambara Magharibi, pamoja na maeneo jirani ya Lushoto.

## Sehemu za mfumo

Mfumo wa kawaida una sehemu nne:

* Mabomba na chemba. Mabomba, kwa kawaida ya plastiki yenye kipenyo cha inchi 4, hupeleka majitaka kutoka chooni na bafuni. Chemba ni visanduku vya matofali vyenye mfuniko vinavyojengwa kwenye kona na makutano ya mabomba ili fundi aweze kukagua na kuzibua.
* Tangi. Ni chumba cha chini ya ardhi kisichopitisha maji. Ndani yake vitu vizito huzama na kuwa tope, mafuta na vitu vyepesi huelea na kuwa utando, na maji yaliyo katikati hutoka kupitia bomba la kutokea. Bakteria wasiohitaji hewa huozesha sehemu ya tope hilo.
* Viungo vya T. Hufungwa kwenye bomba la kuingilia na la kutokea ili utando usipite kwenda kwenye shimo la kunyonyea.
* Shimo la kunyonyea. Hupokea maji kutoka kwenye tangi na kuyaacha yapenye polepole kwenye udongo. Kuta zake hujengwa kwa mawe au matofali yenye nafasi kati yake.

Mfumo huu ni tofauti na choo cha shimo, ambacho hakina tangi wala bomba la kutokea. Choo cha shimo kikijaa, hunyonywa au hufunikwa na kingine kuchimbwa. Tangi la majitaka hufanya kazi likiwa limejaa maji hadi usawa wa bomba la kutokea. Tofauti hiyo ni chanzo cha malipo mengi yasiyo ya lazima, kama inavyoelezwa hapa chini.

## Historia

Tangi la aina hii lilianza nchini Ufaransa, ambako Jean-Louis Mouras alijenga la kwanza miaka ya 1860 na kupata hataza yake mwaka 1881. Nchini Uingereza Donald Cameron alijenga tangi kubwa kwa ajili ya mji wa Exeter mnamo 1895. Baadaye matangi hayo yalienea katika makoloni pamoja na nyumba za watumishi wa serikali, hospitali na misheni.

Nchini Tanzania kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilihamasisha familia za vijijini kuchimba vyoo vya shimo. Matangi ya majitaka yaliongezeka kadiri nyumba zilivyopata maji ya bomba, kwa kuwa choo cha kuvuta maji hakiwezi kutumika bila mahali pa kupeleka maji hayo. Hadi leo sehemu kubwa ya wakazi wa miji ya nchi, ikiwemo Dar es Salaam, hutumia mashimo na matangi badala ya mtandao wa mabomba ya majitaka. Hali hiyo haiko katika nchi zenye kipato kidogo peke yake: nchini Marekani takriban kaya moja kati ya tano hutumia matangi ya aina hii.

## Mazingira ya Bungu na Usambara

Milima ya Usambara ina mambo manne yanayoathiri gharama.

Kwanza ni mteremko. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye ngazi zilizochimbwa ubavuni mwa mlima, na mara nyingi tangi liko chini ya nyumba, mbali na barabara. Gari la kunyonya majitaka likisimama juu barabarani, pampu yake hulazimika kuvuta tope kwenda juu. Nguvu ya kuvuta hutegemea kanieneo ya hewa. Usawa wa bahari, hata pampu kamili isingeweza kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi. Penye mwinuko wa mita 1,400, kama ulivyo mji wa Lushoto, kiwango hicho hushuka hadi chini ya mita 9. Kwa tope zito na mpira mrefu, kina kinachowezekana ni kidogo zaidi. Hivyo gari linaweza kufika, likalipwa nauli, na bado likashindwa kazi.

Pili ni udongo. Sehemu nyingi zina udongo mwekundu wa mfinyanzi, ambao hunyonya maji polepole, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei. Shimo lililofanya kazi vizuri mwezi Januari linaweza kufurika mwezi Aprili bila kuharibika.

Tatu ni chemchemi. Vijiji vingi vya milimani hupata maji kutoka chemchemi na vijito. Tangi linalovuja juu ya mteremko linaweza kuchafua maji ya jirani aliye chini. Kwa hiyo ukarabati wa ufa si suala la mwenye nyumba peke yake.

Nne ni umbali. Saruji, nondo na mabomba huletwa kutoka miji kama Korogwe, Mombo na Lushoto. Bei ya dukani huongezwa gharama ya kupandisha mzigo kwa gari au bodaboda, na penye njia nyembamba mzigo hubebwa kichwani. Ongezeko hilo ni halali, lakini linapochanganywa na bei ya vifaa mnunuzi hawezi kulipima.

## Kutambua chanzo cha tatizo

Chanzo kinaweza kutambuliwa kwa kufungua mifuniko na kulinganisha viwango vya maji, kuanzia chooni kuelekea shimo la kunyonyea. Kwa kawaida ukaguzi huu huchukua muda mfupi.

* Choo kimoja tu kinarudisha maji. Kuna uwezekano mkubwa kwamba bomba la choo hicho limeziba. Tangi halihusiki.
* Vyoo vyote vinarudisha maji na chemba imejaa, lakini maji ya tangi yako usawa wa kawaida. Bomba kati ya chemba na tangi limeziba.
* Maji ya tangi yamepita bomba la kutokea, lakini shimo la kunyonyea lina nafasi. Bomba la kutokea limeziba au kiungo cha T kimejaa utando.
* Tangi na shimo la kunyonyea vyote vimejaa. Udongo haupokei maji. Kunyonya tangi huleta nafuu ya siku chache tu.
* Maji ya tangi yako chini ya bomba la kutokea ingawa choo kinatumika kila siku. Tangi linavuja.
* Maji hupanda wakati wa mvua hata kama nyumba haina watu. Maji ya paa au ya ardhini yanaingia kwenye mfumo.

Kiasi cha tope hupimwa kwa mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe, unaoteremshwa polepole hadi chini na kuinuliwa. Sehemu iliyochafuka kwa tope jeusi huonyesha unene wake. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kunyonya tope linapofikia theluthi moja ya kina cha tangi.

## Kujaa kwa tangi

Maelezo kwamba "tangi limejaa" hutumiwa mara nyingi kuuza huduma ya kunyonya. Hesabu ndogo huonyesha kwa nini hayatoshi.

Tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 1.5 hubeba lita 3,000. Familia ya watu sita ambayo kila mtu hutumia lita 50 kwa siku huingiza lita 300 kila siku. Tangi lililonyonywa lote litajaa tena hadi bomba la kutokea baada ya siku 10. Hiyo ni hali ya kawaida, si dalili ya kuharibika wala ya kazi mbovu.

Kinachoongezeka polepole ni tope. Kadirio linalotumika mara nyingi ni lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Familia hiyo itazalisha lita 240 kwa mwaka, na theluthi ya tangi, yaani lita 1,000, itafikiwa baada ya miaka 4 hivi. Nchini Marekani Shirika la Kulinda Mazingira hupendekeza kunyonya kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kwa hiyo nyumba inayohitaji kunyonyewa kila baada ya miezi michache ina tatizo la shimo la kunyonyea, la maji ya mvua au la ukubwa wa tangi, na kunyonya tena na tena ni kulipia dalili.

## Vipengele vya gharama

### Kunyonya

Bei ya gari hutokana na umbali kutoka mjini, ujazo wa tangi lake, idadi ya safari na ada ya kumwaga mahali palipoidhinishwa. Mwenye nyumba anayejua vipimo vya tangi lake anaweza kukagua idadi ya safari: tangi la lita 3,000 halihitaji safari mbili za gari la lita 5,000. Kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama ni safari ya kupanda mlima, majirani au taasisi kama shule, zahanati na nyumba za wageni wanaweza kuagiza gari siku moja na kugawana gharama ya safari, mradi ujazo wa gari uwatoshe.

Mahali ambapo gari halifiki, hutumika pampu za mkono. Mojawapo ni Gulper, ambayo imetumika Dar es Salaam katika mitaa yenye njia nyembamba. Tope hutiwa kwenye mapipa na kusafirishwa kwa chombo kidogo.

### Vifaa

Kiasi cha vifaa kinaweza kukadiriwa kwa vipimo. Kwa tangi lililotajwa hapo juu:

* Mfuniko wa zege wa mita 2.3 kwa 1.3 wenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 0.3. Zege la uwiano wa 1:2:4 huhitaji takriban mifuko 6 na nusu ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani karibu mifuko 2 kwa mfuniko huo.
* Kupiga lipu kuta za ndani zenye mzunguko wa mita 6 na kimo cha mita 1.8 ni karibu mita za mraba 11. Kwa unene wa milimita 15 na uwiano wa 1:4, kazi hiyo hutumia mfuko mmoja hadi mmoja na nusu.
* Ukuta mpya wa tofali za saruji zenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 huhitaji tofali 10 hivi kwa mita moja ya mraba.

Hivyo mfuniko mpya na lipu ya ndani kwa pamoja huhitaji mifuko 4 hivi, ikiwa ni pamoja na upotevu wa kawaida. Makadirio yanayotaja mifuko 10 kwa kazi hiyo yanahitaji maelezo.

### Ufundi

Mafundi hulipwa kwa kutwa au kwa kazi nzima. Malipo ya kutwa hufaa kazi ambayo ukubwa wake haujulikani, kama kutafuta mahali bomba lilipoziba, lakini yanaweza kurefusha kazi. Malipo ya kazi nzima hufaa kazi inayopimika, kama mfuniko au lipu. Baadhi ya mafundi hukadiria ufundi kuwa sehemu ya thamani ya vifaa. Katika utaratibu huo fundi hunufaika vifaa vinapoongezeka, hivyo bei ya ufundi ni vizuri itajwe peke yake.

## Njia za kawaida za kutoza kupita kiasi

* Kuuza kazi kubwa kabla ya ukaguzi. Fundi hupendekeza shimo jipya bila kufungua chemba.
* Bei ya jumla isiyo na mchanganuo. Vifaa, usafiri na ufundi huwekwa katika namba moja.
* Kuongeza vifaa katikati ya kazi. Shimo likiwa wazi na choo hakitumiki, mwenye nyumba hana nafasi ya kujadili.
* Kunyonya maji na kuacha tope. Maji ya juu ni mepesi kuvuta. Tope zito hubaki chini, na mteja hulipa bei kamili.
* Dawa za unga au maji. Huuzwa kwa ahadi kwamba tangi halitahitaji kunyonywa tena. Bakteria wanaohitajika huingia na kinyesi chenyewe, na hakuna dawa inayoondoa ulazima wa kutoa tope. Mafuta ya taa na dizeli havisaidii, tena huchafua udongo na maji.
* Bei ya dharura. Tangi linapofurika wakati wa masika, mteja hukubali bei yoyote. Ukaguzi wa miezi ya kiangazi huepusha hali hiyo.

Bei ndogo kuliko zote pia inaweza kuwa hasara. Gari lisilomwaga mahali palipoidhinishwa linaweza kumwaga korongoni au shambani, na saruji kidogo mno hutoa mfuniko unaopasuka mtu akiukanyaga.

## Makubaliano na fundi

Mapatano mazuri hutaja tatizo lililoonekana, kazi itakayofanyika, orodha ya vifaa na vipimo vyake, bei ya ufundi, nani analipia usafiri, siku ya kumaliza na muda ambao fundi atarudi kurekebisha bila malipo. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura 345) mapatano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba, lakini karatasi yenye saini za pande mbili na shahidi, kama vile mwenyekiti wa kitongoji, ni rahisi zaidi kuthibitisha.

Ni kawaida kulipa kwa awamu: fedha za vifaa mwanzoni, sehemu ya ufundi kazi ikiendelea, na salio baada ya majaribio. Mwenye nyumba anaweza kununua vifaa mwenyewe na kubaki na risiti. Maduka yenye mashine za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, hutakiwa kutoa risiti hizo. Makadirio kutoka kwa mafundi wawili au watatu hulinganishwa vizuri pale wote wanapopewa kazi ileile kwa vipimo vilevile.

Kabla ya salio kulipwa, maji ya ndoo kadhaa humiminwa katika kila choo huku chemba zikiwa wazi. Tangi lililozibwa ufa hujazwa maji na kuwekewa alama; usawa ukishuka baada ya siku moja bila matumizi, bado linavuja. Baada ya kunyonya, mti wa kupimia tope huteremshwa tena.

## Usalama

Tangi na shimo la choo vina gesi za haidrojeni salfaidi na methani, pamoja na upungufu wa oksijeni. Haidrojeni salfaidi nyingi huua uwezo wa kunusa, hivyo kutosikia harufu si ishara ya usalama. Watu wamekufa katika mashimo ya aina hii, wakiwemo waliokwenda kumwokoa wa kwanza. Bei nafuu inayotokana na kumshusha kijana ndani ya tangi kwa ndoo na kamba ni hatari ambayo haifai kukubaliwa. Wakati wa ukaguzi mifuniko huachwa wazi kwanza, moto na sigara huwekwa mbali, watoto huzuiwa, na hakuna anayeinamia shimoni.

## Sheria na malalamiko

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inahusu vyoo na uondoaji wa majitaka, na afisa afya ana mamlaka ya kukagua. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Bei za mamlaka za maji zinazotoa huduma ya majitaka husimamiwa na EWURA. Bei za mafundi binafsi hazipangwi na serikali, hivyo kinga kubwa ya mteja ni mapatano yenyewe.

Ugomvi na fundi kwa kawaida huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Usipokwisha, unaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo kama dai la madai. Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia ulinzi wa walaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara.

## Matunzo yanayopunguza gharama

Maji ya paa na ya uwanjani huelekezwa mbali na tangi kwa mfereji. Vitambaa, taulo za kike, nepi na mafuta ya kupikia hayatupwi chooni. Miti yenye mizizi mikubwa haipandwi karibu na mabomba, na magari hayapiti juu ya mfuniko. Shimo jipya la kunyonyea huwekwa angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na mlimani huwa chini yake, si juu. Daftari lenye vipimo vya tangi, mchoro wa mabomba na tarehe za kunyonya humsaidia fundi yeyote anayekuja baadaye, na humwezesha mwenye nyumba kujua kama bei anayotajiwa inalingana na kazi.